Diski Isiyosomeka
Mpiga picha wa harusi amechomeka diski yake ya nje. Taa inawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Afanyeje?

Kwanza, atege sikio. Ikilia tik, tik, tik, au ikikwaruza, aichomoe papo hapo. Huenda kichwa kinachosoma data kimeharibika, na kila akiiwasha anazidi kuiumiza. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuokoa data. Asiifungue mwenyewe; chembe ya vumbi yatosha kuimaliza.

Ikiwa haina kelele, abadilishe kebo, maana kebo hufa kimyakimya kwa kukunjwakunjwa. Kisha abadilishe tundu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski isiyopata umeme wa kutosha haizunguki sawasawa. Ajaribu pia kompyuta nyingine.

Bado? Kwenye Windows, afungue programu ya Disk Management. Diski ikionekana ila haina herufi, aipe moja, kama E au F. Lakini akiulizwa kama anataka kuifomati, akatae! Kwanza aokoe picha za watu.

Nanyi mnajua ngurumo zetu za alasiri hapa Kakamega; radi yaweza kuunguza kifaa kilichochomekwa. Wingu likitanda, maliza kunakili, iondoe diski kwa utaratibu, kisha uichomoe. Na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Tahadhari kabla ya hatari.