KARANI KWANZA, KOMPYUTA BAADAYE

(Mazungumzo haya tuliyatoa mbele ya wanachama na watumishi wa chama kimoja cha msingi cha kahawa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu wote.)



Tumeitwa kuzungumza juu ya kompyuta mpya ya chama. Lakini tutaanza na mizani ya kahawa iliyoko ghalani, kwa sababu kilo zote zinazofika kwenye kompyuta hutoka hapo. Ni kama maji ya mfongo. Mtu akiyachafua huko juu, wa chini atakunywa uchafu, hata kama ndoo yake ni mpya.

Safari ya kahawa mnaijua wenyewe. Unachuma kihambani, unaleta ghalani, karani anapima na kuandika. Unapata malipo ya kwanza. Kahawa inakwenda Moshi mjini kukobolewa, halafu inauzwa mnadani. Miezi ikipita, na kama bei ilikuwa nzuri, yanakuja malipo ya pili. Sasa tuulizane: malipo hayo ya pili yanahesabiwa kwa kitu gani? Kahawa yenyewe imekwisha ondoka. Pengine imekwisha nywewa huko Japani. Kilichobaki ni maandishi tu. Maandishi yakiwa na kosa, hakuna tena gunia la kurudisha kwenye mizani.

Kazi hii ya kuandika si ngeni kwetu. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walianzisha chama chao mwaka 1925. Mwaka 1933 kikaja KNCU. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Ushirika hapo Moshi, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Na mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wengi wa wazazi wetu walikaa madarasani jioni, baada ya kukata majani ya ng'ombe. Kile kiliitwa kisomo chenye manufaa. Mtu asome ili ajue kilichoandikwa kwenye stakabadhi yake.

Leo stakabadhi inahamia kwenye kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta mfumo uitwao MUVU, na vyama vinatakiwa kuweka taarifa zao humo. Sisi tunaliunga mkono jambo hilo. Leja huliwa na mchwa, hulowa, na wakati mwingine hupotea siku mbili kabla ya mkaguzi kufika. (Mnacheka, lakini mnajua tunasema nini.) Hofu yetu iko kwenye mafunzo. Chama hununua kompyuta kwa fedha nyingi, kisha karani hupelekwa semina ya siku mbili. Anaambiwa, bonyeza hapa, bonyeza pale. Anarudi na cheti. Jinsi ya kujua kama alichoandika ni kweli, hilo hakufundishwa.

Tutawapa kisa tulichokiona katika chama kimoja, ambacho hatutakitaja. Kijana mmoja, karani mwema kabisa, aliambiwa ahamishe daftari la wanachama liingie kwenye kompyuta. Akanakili kila jina kama lilivyo, bila kuruka hata moja. Tukamsifu. Msimu ulipokwisha, malipo yakatumwa kwa simu. Mama mmoja mjane akangoja. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, kimya. Akaja ofisini na stakabadhi zake zote, amezifunga ndani ya kanga. Kumbe daftarini namba ile ilikuwa bado na jina la marehemu mumewe, na namba ya simu ilikuwa ya marehemu. Laini ile ilikuwa imechukuliwa na mtoto wa shemeji yake, yuko Dar es Salaam. Fedha zilikwenda huko. Mama alikuwa amechuma, amemenya, ameanika, amebeba kichwani. Kompyuta ikamlipa mtu ambaye msimu ule hakugusa hata punje moja.

Karani alisema, "Mimi niliandika kilichokuwamo." Ni kweli. Lakini mwenye ujuzi wa taarifa angeuliza kwanza: mwanachama huyu yuko hai? Nani analeta kahawa kwa namba hii sasa? Simu hii nani anaipokea? Na kwetu hapa, ambapo akina Massawe au akina Mushi wanaweza kujaa ukurasa mzima, angeuliza pia: huyu ni yupi kati yao? Maswali hayo hayamo ndani ya mashine. Yamo ndani ya mtu aliyefundishwa, na anayewajua watu wa kijiji chake.

Kisa cha pili ni kifupi. Chama kingine kilipokea kahawa mbivu kwenye mtambo wa kumenya, na pia kahawa kavu kutoka majumbani. Zote zikaingizwa katika safu moja: kilo 2,000 mbivu na kilo 600 kavu. Kompyuta ikajumlisha, kilo 2,600. Hesabu haina kosa! Lakini kila mkulima hapa anajua kuwa kahawa mbivu kama kilo tano hutoa kilo moja tu ya kahawa kavu yenye ngozi yake. Kwa hiyo ile mbivu ni kama kilo 400 kavu, na jumla ya kweli ni kama 1,000. Aliyelitambua kosa hilo alikuwa mpima mizani, dada wa darasa la saba. Aliitazama ile 2,600, akaangalia magunia ghalani, akasema, "Mbona ghala halijajaa?" Yule dada tungempeleka semina kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msidhani ni sisi wa vijijini tu. Huko Uingereza, Posta yao iliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon tangu mwaka 1999. Mfumo ulikuwa na makosa. Ukaonyesha kuwa wasimamizi wa posta ndogo wana upungufu wa fedha. Wao wakasema hawakuchukua kitu, lakini wakubwa wakaiamini kompyuta. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na baadhi yao walifungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za wengi wao. Ile ni nchi ya wasomi, jamani. Kusoma walijua. Walichokosa ni njia ya kuikagua tarakimu, na mkubwa wa kuwasikiliza.

Sasa basi, tufanyeje hapa kwetu? Maoni yetu ni haya. Mafunzo yafanyike ghalani, msimu ukiendelea, si hotelini Moshi. Afundishwe karani, mpima mizani, mhasibu na wajumbe wa bodi, wote pamoja, maana mjumbe asiyeweza kusoma jedwali atapiga muhuri chochote. Kila Ijumaa stakabadhi kumi zichukuliwe bila kuchagua, zilinganishwe na kompyuta. Zikitofautiana, isitafutwe shingo ya kukata, litafutwe kosa. Karani anayeogopa kufukuzwa ataficha kosa lake, na kosa lililofichwa huzaa. Na kwa muda fulani leja iendelee kuandikwa sambamba na kompyuta. Kazi itaongezeka, tunajua.

Fedha za mafunzo zitoke wapi? Elimu, mafunzo na taarifa ni kanuni ya tano kati ya zile saba za ushirika duniani. Basi katika mkutano mkuu ulizeni: katika bajeti ya kompyuta, mafunzo yametengewa kiasi gani? Mwenyekiti asikasirike, tunamsaidia.

Na ninyi wanachama mnayo haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamruhusu mtu kuomba kuona taarifa zake na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Jina lako, simu yako na kilo zako ni taarifa zako. Nenda ofisini, sema, "Mwanangu, nisomee ukurasa wangu."

Yule mama mjane naye alisomewa ukurasa wake. Jina lilibadilishwa, na simu sasa ni ya kwake. Fedha za msimu ule alirudishiwa nusu. Nusu ya pili wazee wa ukoo bado wanaizungumza.

Jumatano ijayo saa kumi tutakutana tena hapa ghalani. Kila mtu aje na stakabadhi zake za msimu huu. Kwa leo chukueni zoezi hili. Mwanachama alileta kilo 24 mwezi wa saba, kilo 31.5 mwezi wa nane, na kilo 28.5 mwezi wa tisa. Kompyuta inasema kilo 94. Nani amekosea, na kwa kilo ngapi? Mkiona hesabu ni nzito, wasaidieni watoto wenu wawasaidie.