Mzee Alitaka Chakula cha Wachina

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita baba yangu mzazi alinitia aibu mbele za watu, na leo nataka kuwaelezeni kwa nini ninamshukuru.

Ujanani mwake mzee alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Yeye alikuwa upande wa Mlimba, kule kwenye milima, madaraja na mahandaki. Tangu mama afariki, mzee hali vizuri. Sahani hurudi jikoni karibu kama ilivyokwenda. Nimemletea supu, nimemletea uji wa lishe, nimemletea maziwa, wapi! Hatimaye nikamwuliza: "Baba, hivi wewe unatamani nini?" Akanijibu bila kufikiri: "Ule mkate wa Wachina wa Mlimba."

Nikaona jambo hilo ni dogo. Nikamchukua mpaka mkahawa mmoja wa Kichina usio mbali na kwetu. Mhudumu akatuletea orodha yenye picha za rangi: kuku wa mchuzi mtamu wenye uchachu, tambi za kukaanga, chipsi, na chop suey. Nikaagiza chop suey, nikijiona mjuzi. Mzee akaonja kijiko kimoja tu, akakiweka chini, akatangaza kwa sauti ya mtu wa kambini: "Hiki si cha Wachina! Mimi nimekaa nao." Watu wakageuka.

Kumbe mzee alisema kweli. Chop suey ilipata umaarufu wake huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, pale wahamiaji wa Kichina walipowapikia wenyeji chakula cha kuwapendeza.

Mara mzee akanyoosha mkongojo kuelekea meza ya pembeni, walikoketi Wachina watatu waliotoka kazini. "Ule pale!" Walikuwa wakila mikate midogo ya mviringo, myeupe kama pamba, iliyopikwa kwa mvuke. Wenyewe huiita mantou.

Nikamwita mhudumu. Akasema: "Hivyo ni vya Wachina wenyewe, kaka. Wateja wa hapa hawavipendi." Nikamwuliza: "Mliwauliza lini?" Dada wa watu akacheka, akaenda jikoni. Akatoka mwenye mkahawa, mtu mzima, na karatasi moja iliyoandikwa Kichina kitupu. Mzee akamwamkia: "Ni hao!" Jamaa akavuta kiti, akaketi nasi.

Basi vikaja vyakula ambavyo havimo katika picha. Ilikuja mikate ile, ikifuka mvuke. Akaja samaki mzima wa mvuke, mwenye tangawizi na majani ya vitunguu. Ikaja mapo doufu ya Sichuan, yaani jibini ya soya kwa nyama ya kusaga, pilipili, na punje fulani zinazotia ulimi ganzi. Na ikaja sahani ya chainizi, mboga ileile tunayonunua kwa mafungu sokoni, iliyokaangwa haraka kwa kitunguu saumu. Mzee akatusimulia jinsi Wachina walivyolima bustani za mboga kando ya kambi zao. Alikula mikate miwili, akaufuta mchuzi kwa kipande cha mwisho. Sijamwona akila hivyo tangu msiba.

Sasa msimlaumu yule Mchina. Sisi je? Mgeni akishuka kwenye hoteli zetu tunampa kuku na chipsi. Kisamvu cha nazi, mlenda na makande wanakula wapishi nyuma ya jiko. Tumekwisha kumwamulia mgeni kwamba hatavipenda, na polepole tunajiamulia wenyewe kwamba havifai kuandikwa kwenye karatasi. Mtoto anayekulia mjini atasema chakula cha asili cha Mtanzania ni chipsi mayai, na hatakuwa amesema uongo, maana ndicho alichoonyeshwa.

Na mimi nilifanya kosa hilohilo nyumbani kwangu. Miezi yote ile nilimchagulia baba yangu chakula cha wagonjwa, kwa nia njema kabisa, bila kumwuliza. Mtu mzima aliyepasua milima, nikamfanya mtoto anayelishwa uji.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, ukiingia mkahawa wa Kichina usiishie kwenye picha. Tazama Wachina wenyewe wanakula nini, kisha nyoosha kidole. Uliza cha jikoni, utapewa. Na ukirudi nyumbani, kama una mzee anayerudisha sahani, kabla hujalalamika kwamba hali, mwulize kwanza anatamani nini.

Jumamosi tunarudi kulekule. Safari hii mzee amesema ataagiza yeye.