Kupima Kazi ya Kuwasomesha Watoto wa Kike

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mji Mkongwe, Unguja)



Tumetakiwa kusema juu ya mipango inayofanywa ili watoto wa kike wapate elimu na haki sawa na ndugu zao wa kiume. Hatukusudii kuuliza kama mtoto wa kike asomeshwe. Shauri hilo lilikwisha katwa zamani. Twakusudia kuuliza neno lililo kazi yetu sisi makarani: mpango ukisemwa umefaulu, twajuaje ya kuwa umefaulu kweli?

Tuanze na habari ya hapa petu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Beit el Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizopigwa chapa Ujerumani mwaka 1886, ya kwamba wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Sasa tufikiri. Lau mkaguzi angaliingia katika chuo kile na daftari lake, angaliandika ya kwamba wasichana wapo, akaenda zake ameridhika. Wala asingalijua ya kuwa nusu ya elimu wamenyimwa, maana hakuuliza. Daftari hujibu lile lililoulizwa tu.

Tangu siku zile milango imefunguka mmoja baada ya mwingine. Katika miaka ya 1870 wamisionari walikuwa wakiwasomesha Mbweni wasichana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1927 Serikali ikafungua skuli yake ya kwanza ya wasichana. Tarehe 23 Septemba 1964 ikatangazwa elimu bila malipo kwa wote. Leo, katika madarasa ya sekondari ya Zanzibar, wasichana ni wengi kuliko wavulana. Hayo ni matunda ya kushukuriwa. Lakini katika Baraza la Wawakilishi wanaume bado ndio wengi. Basi hesabu ya walioingia mlangoni haitoshi kutuambia wamefika wapi.

Natutazame hesabu yenyewe, kwa mfano tu. Wasichana 40 wameandikwa darasani. Siku ya mtihani wamekaa 30, wakafaulu 24. Taarifa itasema, bila ya uwongo, ya kwamba katika kila 100 waliofanya mtihani wamefaulu 80. Lakini ukigawa kwa wale 40 walioanza, wamefaulu 60 tu katika kila 100. Wale 10 hawakushindwa mtihani. Wametoka katika hesabu kabla haijafanywa. Na katika daftari, mbele ya jina la kila mmoja wao, limeandikwa neno moja: ameacha.

Neno hilo huficha mengi. Yuko aliyeozwa, yuko aliyekosa nauli au nguo za skuli, yuko anayemwuguza mamaye, na yuko aliyepata mimba. Juu ya huyu wa mwisho twakumbuka ya kwamba, kwa sheria ya mwaka 1985, msichana wa Zanzibar asiye na mume akishika mimba aliweza kufungwa. Mwaka 2005 ikatungwa sheria nyingine mahali pake, iliyoondoa kifungo hicho na kuweka kazi ya kuitumikia jamii. Kisha wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi masomoni. Na Tanzania Bara nako wakaruhusiwa mwezi wa Novemba 2021. Ruhusa hiyo ni njema sana, lakini nayo yapasa ipimwe: wangapi walitoka, wangapi wamerudi, na katika waliorudi, wangapi wamemaliza? Na asiyerudi, alizuiwa na nini: aibu, kukosa wa kumlelea mtoto, au jina lake lilikuwa limekwisha futwa?

Tena, kupima kwataka kulinganisha. Mwaka 2003, magharibi ya Kenya, wataalamu walizigawa kwa kura skuli 328 za msingi. Katika baadhi yake watoto wa darasa la sita walipewa nguo za skuli bure. Katika nyingine walimu walifunzwa kusomesha habari za Ukimwi. Nyingine zikapata yote mawili, na nyingine zikaachwa kama zilivyokuwa. Baadaye ikaonekana ya kwamba walipopewa nguo peke yake, wasichana walioacha skuli walipungua, na mimba na ndoa za mapema zikapungua pia. Mafunzo ya walimu peke yake hayakupunguza mimba. Nani angalidhani ya kuwa shati na sketi vingaliweza zaidi ya somo? Bila ya skuli za kulinganisha, kila mmoja angalisifu mpango alioupenda yeye.

Pengine mwenzetu atasema ya kwamba kuuliza sana ni kuvunja sitara za watu. Neno hilo ni la haki, na katika mji huu wenye vichochoro vyembamba lina uzito. Basi jina na libaki kwa mwalimu, tena lifungiwe. Kwa wakubwa ipelekwe idadi na sababu tu. Sitara ni kumfichia mja aibu yake. Kumwacha apotee pasipo mtu wa kumwuliza si sitara.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mashauri matatu. Kwanza, kila karani anayetunza daftari la wanafunzi amwombe mkubwa wake ruhusa ya kuongeza safu mbili: sababu ya kutoka, na tarehe ya kurudi. Pili, tunapoandika taarifa za kufaulu, tuweke pia idadi ya walioanza. Tatu, chama chetu kimwandikie mwenye madaraka ya elimu, kikimwomba kwa adabu ya kwamba safu hizo ziwe za lazima katika skuli zote za Unguja na Pemba.

Sisi hatujengi madarasa wala hatutungi sheria. Lakini anayezitunga husoma tulichokiandika, na mtoto asiyeandikwa hapatiwi fungu katika bajeti. Twawaombeni mashauri haya myazungumze leo, kabla mkutano haujafungwa.