Baraza la Kitabu cha Mwezi

Rafiki wakaao Mwenge, Dar es Salaam, waliozoea mlio wa tezo za wachonga vinyago na makelele ya makonda, hawana udhuru wa kukosa kitabu, maana Chuo Kikuu cha Mlimani ni jirani yao, na Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ni mwendo wa daladala tu.

Mkianzisha baraza la kusoma, kitabu cha kuanzia na kiwe kifupi. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, yafaa mno, kwani kesi ya Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha uanasheria, yatosha kuzua hujja hata kahawa ikapoa. Baadaye iletwe riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyopata kupigwa marufuku shuleni. Hapo wazazi na vijana hawatakubaliana, na hiyo ndiyo ladha yake.

Nakala ikiwa moja, ivikwe jalada la gazeti, izunguke kwa zamu ya juma moja moja, na tarehe ya kuirejesha iandikwe kwenye kikaratasi ndani yake. Mwenye nyumba mnamokutana asiongoze mazungumzo, kwa kuwa akili yake i jikoni. Asiyemaliza kusoma asifukuzwe, ila asikilize. Na kuhusu chakula, kahawa na kashata zatosha. Mabaraza mengi huuawa na mashindano ya pilau, wala si uvivu wa kusoma.

Basi, waiteni jirani wawili watatu, mwafikiane Jumamosi moja baada ya alasiri, na kitabu kichaguliwe kabla hamjaagana.