Mwalimu wa Amali Atatoka Wapi? Mjadala wa Elimu na Stadi baada ya UVIKO-19, Ukitazamwa kutoka Kilosa na Mikumi



Tangu tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza kufungwa kwa shule zote nchini Tanzania, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa hofu ya maradhi yaliyokuwa yakienea ulimwenguni, siasa ya nchi yetu imezungumza habari za elimu kwa bidii ambayo pengine haikupata kuonekana tangu zama za Elimu ya Kujitegemea. Na katika mazungumzo hayo, yaliyoendeshwa bungeni, majukwaani na barazani, kauli moja imeafikiwa na takriban kila upande, nayo ni kwamba mtoto anayemaliza shule pasipo kazi yoyote mikononi amedhulumiwa miaka yake. Nami naafiki kauli hiyo kwa moyo wangu wote. Ila naona kuwa tumejadili majengo, mikondo na idadi ya madarasa kwa urefu na upana, ilhali suali la nani atakayemfundisha mtoto huyo, kwa zana zipi na kwa heshima gani, tumelipita mbio. Na madhali suali hilo halijajibiwa, wilaya yetu ya Kilosa yaweza kupata karakana mpya zenye mabati yanayong'aa, na vijana wake wakabaki kujifunza kwa kubahatisha kama walivyojifunza kaka zao.

Tuanze na ile miezi ya kufungwa. Vyuo na kidato cha sita vilirejea tarehe 1 Juni, na shule nyinginezo tarehe 29 Juni, hata nchi yetu ikawa miongoni mwa zile zilizofungua mapema, wakati ambapo jirani zetu wa Uganda hawakufungua shule zao kikamilifu hadi Januari 2022. Katika muda huo masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila anayeijua Kilosa anajua kwamba kuna vijiji vya milimani ambako mawimbi ya redio huja na kuondoka yapendavyo, na nyumba ambamo betri hununuliwa baada ya chumvi na sabuni. Aprili, Mei na Juni ni miezi ya palizi na mavuno. Mtoto wa Malolo aliingia katika vitunguu, wa Rudewa katika mpunga, wa Ruembe akamfuata baba yake katika miwa. Haiwezi kusemwa kuwa watoto hao hawakujifunza chochote. Walijifunza kazi, ila hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini kazi ile hufanywa vile, wala ingefanywaje ili ilete tija zaidi.

Mikumi ilipata pigo la namna yake. Mji huu hula kutokana na mambo mawili, hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964 na barabara kuu ya Tanzam, na yote mawili yaliguswa kwa mpigo mmoja: watalii walioingia nchini walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki sita na ushei mwaka 2020, na mwezi Mei mwaka huo Zambia iliufunga mpaka wake wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa siku kadhaa, malori yakasimama. Aliyekuwa akiosha mashuka ya wageni alikaa bure, na kadhalika muuza mboga wa hotelini na kijana wa kupokea mizigo. Fundi hakukaa bure hivyo, kwani gari bovu ni gari bovu hata katika maradhi.

Nawaomba tumtazame fundi huyo kwa karibu, maana yeye ndiye aliye kitovu cha mada yangu. Kando ya barabara, pale malori yaendayo Tunduma yanapolala, mtamkuta kijana wa miaka kumi na saba amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya tela, mkono mmoja umeshika spana na mwingine unapapasa springi, akihesabu majani yake kwa ncha za vidole pasipo kuyaona; kisha hujivuta nje, akajipangusa grisi kwa tambara, akamwambia dereva: "Mzee, jani la tatu limekatika. Hapa utaondoka, lakini mlima wa Kitonga hupandi." Hiyo ni elimu, na aliyeipata ameitolea jasho. Lakini mwulizeni kijana huyo uzito ambao springi ile iliundwa kuubeba, au mpeni kitabu cha gari asome maelekezo yake, au mwambieni aandike ankara ya kazi aliyoifanya, mtaona kwamba hapo ndipo ujuzi wake unapokoma. Na kule shuleni, umbali wa kutembea kwa miguu, yupo mwenziwe wa umri ule ule awezaye kuandika kanuni ya mkazo na mvuto ubaoni, ambaye hajapata kushika spana maishani mwake. Wote wawili wamepewa nusu, na kila mmoja anayo nusu aliyokosa mwenziwe.

Sasa siasa ilifanya nini juu ya haya? Mwaka 2020 ulianza kwa ubishi mkali kuhusu mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa ajili ya elimu ya sekondari, ambao mheshimiwa Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa upinzani, aliiandikia benki hiyo mwezi Januari akiitaka iusimamishe kwa sababu ya katazo la wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni. Wengine wakamwona msaliti, wengine mtetezi wa wanyonge. Na mkopo ukaidhinishwa tarehe 31 Machi, wiki mbili baada ya shule kufungwa. Katazo lenyewe liliondoka Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kuwa wanafunzi hao waruhusiwe kurejea. Mwaka huo huo zilipatikana shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliozinduliwa Dodoma mwezi Oktoba yakaamriwa madarasa 15,000, ambayo 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Madarasa yale yalijengwa kwa kasi ya kusifiwa, na sitaki kuwa miongoni mwa wanaoyabeza, kwa kuwa nimeona watoto wakitoka chini ya mwembe na kuingia ndani ya kuta. Hata hivyo, darasa hujengwa kwa miezi mitatu, na mwalimu wa ufundi hulelewa kwa miaka.

Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge Aprili 2021 aliagiza mitaala na sera zitazamwe upya ili elimu imjenge kijana kujitegemea, na kazi hiyo, iliyosimamiwa baadaye na Waziri wa Elimu aliyefuata, Profesa Adolf Mkenda, ikazaa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, lenye elimu ya lazima ya miaka kumi na sekondari ya mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono. Mwezi Januari 2024 wanafunzi wa kwanza wa kidato cha kwanza wakaanza mkondo wa amali katika shule chache. Bungeni palikuwa na sauti kama ya mheshimiwa Jumanne Kishimba wa Kahama Mjini, aliyehoji mara nyingi manufaa ya elimu isiyomwezesha kijana kujiajiri. Na nje ya Bunge palikuwa na waliohofu kwamba mikondo miwili itakuwa milango miwili, mmoja wa watoto wa wakubwa na mwingine wa watoto wa wakulima. Sioni kuwa pande hizi zinapingana kama zinavyodhaniwa. Wa kwanza anadai kazi, wa pili anadai heshima, na mzazi wa Kimamba anadai vyote viwili.

Hofu hiyo ya pili ina asili yake. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, muradi wake ulikuwa shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, mtoto afikiri akiwa anafanya na afanye akiwa anafikiri. Lakini katika shule nyingi waraka ule uliteremka hadi ukawa jembe la saa nane mchana, na aghalabu likawa ndilo adhabu ya mchelewaji. Baadaye sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, na shule za ufundi kama Ifunda, huko juu kwenye barabara yetu hii hii, zikatoa mafundi waliojenga nchi. Kisha hali ya uchumi ikawa ngumu, vifaa vikachakaa, waalimu wa ufundi wakastaafu pasipo warithi, na mtihani ukaendelea kumpima mtoto kwa kalamu peke yake. Mzazi naye, ambaye si mjinga, akamwelekeza mwanawe kule mtihani unakoelekea. Fauka ya hayo, ilijengeka desturi ya kumpeleka kwenye ufundi yule aliyeshindwa kwingine, na hakuna taksiri kubwa kuliko hiyo, kwa sababu kazi ya umeme au ya injini inahitaji akili timamu na hesabu madhubuti, na kuipelekea mtu aliyekata tamaa ni kuidhulumu kazi pamoja na mtoto mwenyewe.

Ndiyo maana nasema Kilosa isisubiri waalimu wa amali washushwe kutoka mbali. Ilonga kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miongo mingi kimetoa mbegu za mahindi na mtama zilizopandwa nchi nzima, na hapo hapo Ilonga kuna chuo cha ualimu. Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kusini kuna mashamba na mitambo ya sukari, na milima yetu imetobolewa mahandaki ya reli ya kisasa ambayo treni zake zinabeba abiria hadi Dodoma tangu mwaka 2024. Vijana wetu walifanya vibarua katika ujenzi ule. Ni wangapi walioondoka na karatasi ya kuthibitisha walichojifunza? Utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo, na naona utumike kwa nia hasa ya kupata waalimu: fundi wa barabarani apimwe, apewe cheti, kisha aingie karakana ya shule siku mbili kwa juma kwa malipo ya halali, akifundisha bega kwa bega na mwalimu wa fizikia, mmoja akishika spana na mwingine chaki. Kwa njia hiyo zile nusu mbili nilizozitaja zitakutana, na mtoto ataona kwa macho yake mwalimu mwenye shahada akimsikiliza fundi.

Sina budi kuwataja wasichana kwa mkazo. Binti aliyerejea shuleni baada ya kujifungua anarejea na mtoto mgongoni, na akipangiwa ushonaji na mapishi kwa kuwa tu ni mwanamke, tutakuwa tumemfungulia lango na kumfungia chumba. Apewe nafasi ya umeme, ya kilimo cha umwagiliaji, ya kuongoza watalii, naye achague. Na shule itakayompokea iwe na mtu wa kumwangalizia mtoto saa za karakana, gharama ambayo ni ndogo kuliko bei ya mashine moja ya kuchomelea.

Kuhusu fedha, Halmashauri inayo asilimia kumi ya mapato yake ya ndani iliyowekwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Sehemu ya vijana ielekezwe kwa kikundi cha wahitimu wa amali katika sura ya zana badala ya noti, ili anayemaliza aondoke na kisanduku chake. Na katika kikao kijacho cha bajeti, waheshimiwa madiwani, nawaomba kifungu cha vifaa vya karakana, yaani mbao, nyaya, vyuma, mafuta na mbegu, kitengwe mbali na kifungu cha ujenzi, kwa kuwa vikichanganywa, saruji humeza kila kitu. Shule za milimani zitangulizwe katika mgawo huo, na mizigo yao isafirishwe kabla ya mwezi Machi, kwani masika ikishaingia barabara zile hazipitiki, na karakana itakaa hadi Juni ikiwa na kufuli na orodha ya vifaa ambavyo vingali ghalani Kilosa.