Mahakama Imjue Mtoto Kabla ya Kumwadhibu



Mtoto wa miaka 14 akikamatwa Kibondo kwa kuvunja ghala na kuiba maharage, watu huuliza swali moja tu: ameiba, hakuiba? Swali hilo ni la haki, maana aliyeyalima maharage yale ametoka jasho. Lakini kosa likisha kuthibitika, liko swali la pili ambalo sheria yenyewe inalidai: mtoto huyu amepitia mambo gani?

Kibondo inajua uzito wa swali hilo. Machafuko ya Burundi ya mwaka 1993, na yale ya mwaka 2015 ambapo kambi ya Nduta ilifunguliwa tena, yalileta wilayani watoto waliokwisha kuona mauaji. Wapo pia watoto wa vijiji vya hapa hapa, ambao hawakuvuka mpaka wowote, waliolelewa kwa njaa na kipigo. Walio wengi hawakuiba kitu cha mtu. Hata hivyo, mtoto aliyezoea hofu hushtuka upesi na hupigana upesi. Ukali mtupu humthibitishia tu kwamba dunia nzima ni adui yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo gerezani. Kanuni za Mahakama ya Watoto za mwaka 2016 nazo zinataka afisa ustawi wa jamii aandike taarifa ya maisha ya mtoto kabla ya adhabu kutolewa.

Lakini afisa huyo haishi na mtoto, huandika aliyoambiwa. Mwalimu ndiye aliyeyaona makovu na kuhesabu siku ambazo mtoto hakufika shuleni. Mtendaji wa kijiji ndiye ajuaye nani alibaki na mtoto baada ya mama kufariki. Hao wakinyamaza, taarifa itakuwa karatasi tupu, na hakimu atalipima kosa bila ya kumjua mkosaji.

Watasema wengine: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini methali inasema akunjwe, haikusema avunjwe. Mwenye ghala afidiwe. Mtoto aambiwe bayana kwamba amekosa. Na adhabu iwe ile itakayomrudisha miongoni mwa watu. Wajibu huo hauwezi kuachiwa hakimu peke yake. Unaanzia kwa mwalimu aliyeulizwa habari za mwanafunzi wake, akasema kweli yote.