Vazi la Maskini



Katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke, kuanzia Tandale hata Mbagala, simu ya mkononi imekuwa kitu cha kila nyumba. Ndani yake twapakua programu za namna nyingi. Leo tutafakari zile za mikopo. Tumfikirie mama lishe aliyekosa mtaji wa unga na mkaa. Kwa nini aipakue moja usiku, watoto wakiwa wamelala?

Tusiharakishe kumwita mpumbavu. Programu haimdai mdhamini wala hati ya nyumba, na fedha hufika kwa dakika chache. Zaidi ya yote, hakuna jicho linalomwona akiomba. Huikimbilia simu kwa sababu aona haya mbele yetu.

Hapo ndipo ulipo mtego. Huulizwa kama anairuhusu programu isome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, naye kwa haraka hukubali. Siku ya kulipa ikipita, baadhi ya wakopeshaji wamewatumia ujumbe ndugu, jirani na hata mwajiri, wakimtangaza kuwa mdaiwa. Aliyekimbia jicho moja huaibishwa mbele ya mia. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha pasipo leseni, ikawaonya wananchi.

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka sura ya 22, yamwagiza aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwani hana jingine la kujifunika. Heshima ya mtu nayo ni vazi. Haifai kuwekwa rehani.

Basi, kabla ya kupakua, tuulize: mkopeshaji ana leseni? Riba ni kiasi gani? Ataka kusoma nini katika simu yetu?

Lakini swali kubwa latuhusu sisi wa jumuiya ndogo ndogo. Mama yule aliona vyepesi kuieleza simu shida yake kuliko kutueleza sisi. Labda alikwisha kutusikia tukimsema mwingine aliyekopa. Hatuna budi kuchunga midomo yetu na kufungua mikono yetu, ili jirani apate mahali pa kuomba pasipo kuona haya.